Namna Tulivyopima Safari ya Kundelungu



Kila siku kwenye meza munatuuliza: tutaenda Kundelungu ao hatutaenda? Tutaenda. Bwana Prefe ametia sahihi, kibali cha ICCN kimepatikana, na kanisa limekubali kutupa kamio yake, lakini mazuti tutalipa sisi wenyewe. Ni siku ya posho ya pili ya mwezi wa sita. Tangu tulipobandika karatasi ukutani maneno yamekuwa mengi, zaidi juu ya maporomoko ya Lofoi ambayo hatutayafikia. Kwa hiyo sisi wakapita sita tunaeleza hapa namna tulivyopima safari hii. Ni heri muisome kuliko kuisikia kwenye robine wakati wa kuteka maji.

Kwanza mujue mahali penyewe. Kundelungu si mlima wenye kichwa ambacho mutapanda na kusimama juu yake. Ni uwanda mrefu ulioinuka kati ya bonde la Lufira na bonde la Luapula, na tangu mwaka 1970 ni parki ya taifa. Kwenye materemko iko miti ya miombo, lakini ukifika juu, karibu mita 1,600 ao 1,700, miti inakwisha. Ni majani tu, vilima vya polepole, na madembo, ni kusema mabonde ya majani yanayoshika maji. Miti inabaki ndani ya mishitu pembeni ya mito. Wazee wa Injili waliijua nchi hii kwa miguu. Frederick Stanley Arnot alifika Bunkeya mwaka 1886, na nyuma yake Dan Crawford alikwenda kufanya kazi Luanza kwenye ziwa Mweru. Mwenye kutoka Lufira kwenda Mweru alikuta ukuta huu mbele yake, na hakukuwa na kamio.

Wengine wanasema: kama hakuna miti, hakuna kupotea, mutu anaona mbali. Sivyo. Mwalimu wetu wa jiografia alituonyesha kwenye karte: mistari ya urefu iko mbali mbali, kilima kimoja kinafanana na kingine, na ukisha kushuka ndani ya dembo huoni tena kile ulichokuwa unakifuata. Asubuhi iko ukungu. Mwezi wa sita moshi wa majani yanayoungua unaanza kufunika mbali. Na kitu unachokiona karibu, utakitembelea saa nzima. Shule moja, jina tunaliacha, ilipeleka wanafunzi kwenye uwanda wa namna hii pasipo kupima masaa, na watoto walilala inje kwa baridi. Wazazi wa hapa wanakumbuka habari hiyo, na ndiyo sababu Bwana Prefe alituomba mpango wa kuandikwa, si wa mdomo.

Tulichagua kutembea kwa mzunguko, kutoka kwenye kamio na kurudi kwenye kamio kwa njia ingine, sababu kwenda na kurudi njia moja kunachokesha roho. Lakini mzunguko una ubaya wake. Ukipita nusu, kurudi nyuma ni kurefu kuliko kuendelea, na mwenye kuchoka pale hana njia fupi. Mpango wa kwanza, ule uliopendwa na wengi, ulikuwa wa kilometre 18, kupita mahali ambapo maji ya Lofoi yanaanguka zaidi ya mita 300 kwa mara moja.

Masaa tuliyo nayo ni haya. Kamio inatoka shuleni saa kumi na moja alfajiri. Tunaanza kutembea saa mbili. Jua linazama karibu na saa kumi na mbili, na dereva hataki kushuka ukingo gizani. Ana haki. Basi kila mutu awe kwenye kamio saa kumi. Ni masaa nane.

Mwalimu alitupa kanuni ya Mskoti mmoja, William Naismith, ya mwaka 1892: saa moja kwa maili tatu, ni kusema karibu kilometre tano, na saa moja zaidi kwa kila futi 2,000 za kupanda, karibu mita 600. Kwa kanuni ile hata kilometre 18 ni mchezo. Lakini Naismith alihesabu wanaume wenye nguvu, pasipo kupumzika, pasipo watoto wa ya saba.

Hapa ndipo tuligombana. Kamarade wetu mmoja wa mwaka wa tatu, mguu wake wa kuume uligusika na polio tangu utoto, aliandikisha jina lake. Wawili kati yetu walisema abaki kwenye kamio kulinda vyakula. Yeye alijibu, pasipo hasira: “Nimelipa feza ya mazuti sawa na ninyi. Mbona munanipa kazi ya sentineli?” Hakuna aliyepata jibu.

Badala ya kubishana tulipima. Siku ya posho iliyopita, wote walioandikwa walitembea kilometre tano kwenye barabara ya soko, na saa mkononi. Wengi walitumia saa moja na dakika tano. Yeye alitumia saa moja na dakika 50. Na mushike neno hili: wadogo wawili wa ya saba, wenye miguu mizima, walifika dakika kumi tu mbele yake, mmoja akibeba viatu mkononi.

Basi dakika 22 kwa kilometre moja. Kilometre 18 ni masaa sita na dakika 36. Ongeza kupanda: karte inaonyesha mita 200 kwa jumla, Naismith angesema dakika 20, sisi tumeweka 40. Ongeza saa moja na nusu ya kula na kupumzika. Inapita masaa nane kwa dakika 46. Kilometre 12, kwa hesabu ileile, ni karibu masaa sita na dakika 35, na inabaki zaidi ya saa moja mkononi kwa kiatu kilichokatika ao mutu aliyeumwa tumbo.

Ndiyo sababu Lofoi imetoka. Tunajua uchungu wake. Sisi wa mwaka wa mwisho, kisha Eksetat, kila mutu atakwenda njia yake, na wengine wetu hawatafika tena kule juu. Wawili wangali wanasema tungegawanya kundi, wenye mbio waende Lofoi. Lakini mlinzi wa parki atakayetembea nasi ni mmoja, busola ni moja, na simu tusizitegemee kule. Tulipiga kura: wane kwa wawili.

Kwenye kilometre ya tano tutavuka mushitu. Kama mutu wa mwisho hajafika pale saa tano, wote tunarudi kwa njia tuliyokuja, pasipo mashauri. Upepo wa majira haya unatoka kusini-mashariki, kwa hiyo tutaanza kwa kuukabili tukiwa na nguvu, na kurudi nao mgongoni. Moto wa majani unafuata upepo. Mukiuona, hakuna kukimbia mbele yake: tunafuata mlinzi mpaka mahali palipokwisha kuungua. Kamarade wetu atatembea wa pili, nyuma ya mlinzi, na hakuna ruhusa ya kumpita. Yeye mwenyewe alisoma karatasi hii mbele ya kuandikwa kwenye stensili. Alifuta sentensi moja, ile iliyomsifu.

Mulete bidoni ya litre mbili kila mutu, viazi vitamu ao bukari ya jana, karanga, kofia, na pulovere, sababu juu kule asubuhi ya mwezi wa sita ni baridi kweli. Wabinti wavae viatu vya kufungwa, si sandali, wavulana vilevile. Feza ipelekwe kwa kapita wa interna mbele ya siku ya ine jioni. Nafasi kwenye kamio ni 40, majina ni 37.