Kwa Miguu toka Misioni ya Bagamoyo mpaka Kaole

Sisi tuliozaliwa bara tumelisikia jina la Bagamoyo tangu tukibebwa mgongoni, lakini si wengi tuliokanyaga mchanga wake. Mimi nilifika nikiwa na mvi tayari, tena kwa kutumwa. Mama yangu, mjane aliyepita miaka 80, anakaa kijijini karibu na Tabora. Babu yake alikuwa mpagazi, akachukua pembe za ndovu mpaka pwani mara tatu. Mzee huyo aliwaambia wajukuu kwamba maji ya baharini ni ya chumvi, wala hayana mwisho, nao wakacheka. "Basi niletee chupa moja," mama aliniambia, "niyaonje kabla sijafa."

Toka Dar es Salaam mpaka Bagamoyo ni kama kilomita 65 kwa basi. Nilikwenda na mpwa wangu, kijana wa darasa la sita, mwenye maswali mengi kuliko hatua zake. Tuliazimu kuzunguka kwa miguu: tuondoke Misioni, tufuate ufuko mpaka magofu ya Kaole, kisha turudi kwa njia ya juu kati ya minazi. Jumla yake ni kilomita 14 au 15. Kwa mtu wa shamba si safari ndefu, ila mchanga huchosha miguu kuliko udongo.

Tulianza mapema, baada ya Misa. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, wakiongozwa na Padre Antoine Horner, walifika hapa Machi 1868 wakitoka Unguja, wakapewa ardhi kwa idhini ya Sultani Majid. Aprili 1872 tufani kubwa ikaangusha karibu kila walichojenga, wakaanza tena. Mnara wa kanisa lao la kwanza upo hata leo. Ndimo ulimolazwa mwili wa Dakta Livingstone usiku mmoja wa Februari 1874. Wenzake akina Susi na Chuma walikuwa wameuchukua kwa miguu toka Chitambo, katika nchi ya Zambia ya leo, safari ya miezi tisa hivi. Yeye akaenda kuzikwa London kwa heshima kubwa. Wao wakalipwa mshahara wao hapa pwani, wakaambiwa waende zao. Mpwa wangu alisikitika sana kwa hilo, nami sikuwa na neno la kumtuliza.

Karibu na hapo pana mbuyu mkubwa. Bibi mmoja wa Kizungu, Madame Chevalier, alifunga mnyororo katika shina lake kwa ajili ya punda wake mwishoni mwa karne ya 19, akauacha. Mti ukaendelea kunenepa ukaumeza mnyororo, na sasa kinaonekana kipande kifupi tu kikichomoza katika gome.

Pale kwenye makaburi ndipo kijana aliponiuliza: "Mjomba, ni kweli mapadre nao walinunua watu?"

Ni kweli, na sioni sababu ya kulificha. Walilipa fedha katika soko la Unguja, kabla halijafungwa mwaka 1873, ili kuwakomboa watumwa, hasa watoto. Wengine waliletwa baada ya manowari za Kiingereza kuwakamata katika majahazi. Wakafundishwa dini na kazi za mikono, wakaozeshwa, wakapewa nyumba katika kijiji cha Misioni. Pango la Bikira Maria tulilosali mbele yake ni kazi ya mikono yao, mwaka 1876. Lakini si wote waliopenda maisha yale ya kengele tangu alfajiri mpaka usiku, na wengine walitoroka. Mimi siwalaumu. Mtu aliyekwisha kununuliwa mara moja ana haki ya kumtazama kwa shaka hata yule anayemnunua ili amwokoe. Tena siwezi kuwasahau mapadre na masista waliolala pale, wengi wao vijana waliouawa na homa. Yote mawili yamo katika udongo ule ule.

Toka hapo tulishuka kwa njia ya miembe mikubwa mpaka msalaba ulio ukingoni mwa bahari. Maji yalikuwa yakipwa. Kijana akavua viatu, akakimbia, akajaza chupa ya bibi yake mara moja. Nilimwambia angoje tutakaporudi, lakini nani awezaye kumzuia mtoto aliyeona bahari mara ya kwanza?

Mjini tulipita upesi kuliko ilivyostahili. Sokoni wanawake walikuwa wakikaanga samaki, na moshi ukatufuata mbali. Boma la Wajerumani la mwaka 1897 bado lasimama juu ya ufuko. Bagamoyo ulikuwa mji mkuu wao mpaka mwaka 1891 walipohamia Dar es Salaam, kwa kuwa hapa maji ni machache na meli kubwa hutia nanga mbali. Watu wa pwani walipoinuka mwaka 1888 chini ya Abushiri bin Salim, maelfu walikimbilia Misioni kuokoa roho zao. Abushiri mwenyewe alinyongwa Pangani, Desemba 1889.

Wasomaji wa Tabora, Ujiji na Bukoba wajue pia kwamba katika mwaka 1878 msafara wa kwanza wa Mapadre Weupe ulianzia hapa, na mmoja wao, Padre Pascal, alifia njiani kabla ya kufika. Ndiyo njia ile ile ya babu yake mama, naye wakati huo huenda alikuwa mtoto bado. Wengine husema jina la mji ni la watumwa waliokata tamaa, wengine kwamba ni la wapagazi waliotua mizigo na kupumzisha mioyo. Mama hana shaka ni la wapagazi. Wanyamwezi wengi walikuja kwa hiari yao na kwa ujira, nao hawapendi kuhesabiwa watumwa.

Kusini mwa mji ufuko huwa mweupe na mtulivu, kisha mikoko huanza. Tulifika Kaole karibu na saa tano. Ulikuwa mji wa Waislamu wa kale, tangu karne ya 13, wenye misikiti miwili ya mawe ya matumbawe na makaburi, mengine yenye nguzo ndefu. Bwana Neville Chittick alipachimba mwaka 1958. Bahari iliyoleta majahazi ilijaa matope na mikoko, ikaondoka mbele ya mji, na watu nao wakaondoka. Kijana alitaka kukaa juu ya kaburi apumzike. Mzee mwenyeji wa pale akamwambia kwa upole, "Mjukuu wangu, na wa kwenu mnawakalia?" Akaona haya, akaomba radhi. Mzee yule yule akatuonyesha kisima ambacho hakikauki, tukanawa uso. Pana na mbuyu ambao watu huuzunguka wapate kuishi miaka mingi. Sisi hatukuuzunguka.

Hapo nikakosa. Kijana alinisihi turudi kwa ufuko tena, nikakubali. Tulikuwa tumekwenda muda mrefu kati ya mikoko alipopiga kelele: chupa ya bibi imebaki kisimani! Alitaka kurudi mbio. Nami nikatazama chini: vijito tulivyovuka asubuhi kwa vidole vya miguu sasa vilifika magotini, na tope lilishika kiatu changu kimoja lisikirudishe. Tulikuwa siku za bamvua.

Mvuvi aliyekuwa akivuta ngalawa yake akatuita. "Shikamoo, mzee," tukasema. "Marahaba. Mnakwenda wapi? Maji haya hayangoji mtu. Fuateni njia hii mpaka barabarani, sasa hivi." Kijana akalia kwa ajili ya chupa. Mzee akacheka, akasema bahari haijaisha. Tukamfuata mpaka nchi kavu, mimi na kiatu kimoja. Tulipogeuka nyuma, mahali tuliposimama palikuwa maji matupu.

Anayetaka kuzunguka hivi na aulize kwanza saa za maji kupwa na kujaa, na aende na mwenyeji, kwa usalama wake na wa mfuko wake. Ufuko ule una sehemu za upweke.

Njia ya juu ni ya minazi na vivuli. Tulifika mjini jioni, na ufukoni maji yalikuwa yamejaa kabisa, majahazi yakielea. Tulinunua chupa nyingine ya maji dukani, tukanywa yote, kijana akaijaza ya bahari.

Juma lililofuata mama aliifungua mbele ya majirani. Akatia kidole, akaonja, akakunja uso. "Kumbe mzee hakusema uongo," akasema. Akaifunga vizuri, akaiweka kabatini pamoja na rozari yake.