Mche Mkononi



Binti mmoja tuliyemsomesha Juzuu Amma chuoni kwetu alirudi na shahada ya sayansi ya mazingira, akaanza kufundisha sekondari ya msingi iliyo jirani. Tuliposikia kuwa anawatembeza wanafunzi matopeni, hatukupendezwa. Tulimwambia babake: elimu i kitabuni.

Binti akatualika. Maji yalikuwa yamekupwa. Watoto walituonyesha mizizi ya mchu iliyochomoza kama vidole, wakatueleza kuwa hiyo ndiyo pua ya mti, kwani tope halipitishi hewa. Wakatuonyesha vijisamaki na kamba wachanga waliojificha katika mizizi ya mkoko. Kisha mjukuu wetu akauliza, "Babu, boriti za paa la madrasa zilikatwa wapi?"

Hatukuwa na jibu ila ukweli: zilikatwa papo hapo, kwa agizo letu.

Miaka 30 tumesomesha hadithi ya mwenye mche mkononi, kwamba aupande hata kama Kiyama kinasimama. Wetu mkono haukuwahi kushika mche. Siku hiyo mwanafunzi wetu alitukabidhi mmoja. Tukapandisha kanzu, tukauchomeka topeni, watoto wakicheka nasi tukiona haya.

Enyi kina mama, binti akirudi na shahada, msimuulize tu ataolewa lini. Muulizeni pia ana lipi la kutufunza, sisi wazee tukiwemo.