Usiruke

Kazi ilikuja kwa WhatsApp: andika kwa Kiswahili cha kueleweka mwongozo wa madereva wanaosomea kuwa wakufunzi wa foklifti. Nusu ya malipo mbele. Nilikubali kabla sijajua foklifti huendeshwaje. Kodi ya nyumba haingojei mtu.

Ndio nikaenda Industrial Area kukaa nao siku moja kwenye godauni. Walikuwa saba, wote madereva wa miaka mingi. Mzee mmoja angeinua trei za mayai bila kupasua hata moja. Lakini akiambiwa afundishe, alikuwa na neno moja tu: "Angalia vile nafanya."

Mwalimu, mama wa sauti ya chini, hakumwachilia.

"Mbona unatembea uma zikiwa karibu na sakafu?"

"Ndivyo hufanywa."

"Hilo si jibu, Mzee wangu. Kijana atakuuliza."

Akachora pembetatu sakafuni kwa chaki: magurudumu mawili ya mbele, na katikati ya ekseli ya nyuma. Uzito ukibaki ndani ya mistari, mashine inasimama. Inua mzigo juu halafu ukate kona na kasi, uzito unatoka nje, na hapo hakuna ujuzi utakuokoa.

Kisha akauliza, "Foklifti ya kukalia imeanza kuanguka. Unafanya nini?"

"Unaruka!" Sote, hata mimi kichwani.

"Ukiruka, lile paa la chuma linakulalia. Mshipi uwe umefungwa. Shika usukani, kaza miguu, egemea upande usioanguka. Baki ndani."

Watu walicheka kidogo, ile ya aibu. Mzee hakucheka. Alivua kofia yake ngumu.

"Mimi nilimfundisha kijana wangu aruke," alisema. "Si wa kuzaa. Wa kazi."

Hakuna aliyeuliza huyo kijana yuko wapi.

Mwalimu alinyamaza kiasi, halafu akampa chaki. "Haya, Mzee wangu. Tufundishe." Alikwama mara tatu. Mara ya nne alitueleza kwa nini, si vipi tu.

Usiku nilifungua mwongozo. "Usiruke" ilikuwa ukurasa wa 19, chini ya maelezo ya kuchaji betri. Nikaileta ukurasa wa kwanza, herufi kubwa.

Asubuhi mteja akaandika: mbona umebadilisha mpangilio?

Nikaanza kumjibu kwamba hivi ni bora. Nikafuta. Nikamwandikia sababu.