Kihispania cha Mlimani

Mwongozaji wa mlima analipwa kwa mdomo wake. Hivyo ndivyo nilivyoielewa kazi yangu tangu siku nilipoacha kubeba mizigo na kukabidhiwa wageni wa kuwapandisha Kilimanjaro. Asubuhi unasema: leo tunatoka hapa tunakwenda pale, tunyweni maji, twende pole pole. Jioni kwenye hema la chakula unasema tena: kesho baridi itazidi, vaeni hivi na vile. Unataja Shira, Lava Tower, Barranco, unamalizia na Uhuru, mita 5,895, na wageni wanatikisa kichwa. Niliyasema yote hayo kwa Kiingereza, na Kiingereza changu hakikuwa kibaya.

Kihispania nilikianza ukubwani, mwanangu wa kwanza akiwa tayari sekondari, na sababu yenyewe haikuwa na utukufu wowote. Ilikuwa pesa. Moshi na Arusha waongozaji wa Kiingereza tumejaa tele. Anayejua lugha nyingine huitwa kwanza na hulipwa vizuri zaidi. Nami niliona wageni wa Hispania, Mexico, Argentina na Colombia wakija kila msimu, wakimsubiri mtu mmoja mjini ambaye kila kampuni ilikuwa ikimgombania.

Kitabu cha kwanza niliachiwa na mgeni. Kiliandikwa kwa ajili ya watu wa Kiingereza, na karibu kila ukurasa ulimtahadharisha msomaji. Jihadhari, kitenzi cha Kihispania kinambeba mtendaji ndani yake: "hablo" ni "nasema", huna haja ya kuongeza "mimi". Jihadhari, mtendewa hutangulia kitenzi: "te quiero". Nikajiuliza kinachotisha hapo ni nini. "Nakupenda", si ndivyo? Ile "ku" imekaa kabla ya "penda", palepale inapokaa "te". Jihadhari tena, majina yana jinsi mbili na kila sifa lazima ifuate jina lake. Mtu aliyekulia kwenye mlima mrefu, milima mirefu, kilima kirefu na njia ndefu anaambiwa aogope makundi mawili! Hata vile vitenzi viwili vinavyowatoa jasho wenzetu wa Kiingereza kwa sababu wao wana kimoja, sisi tunaishi navyo: mimi ni mwongozaji, lakini niko hoi, niko kambi ya Barafu, niko tayari. "Soy guía", lakini "estoy cansado, estoy en Barafu, estoy listo". Mlingano huo hauendi hadi mwisho wa njia, ila unakuvusha mto mkubwa.

Na sauti zenyewe, nyingi tunazo. Irabu ni zetu tano. Herufi yao ya ñ ni "ny" ya nyumba. Z ya Madrid ni "th" ya thelathini, na j yao ni "kh" ya Alkhamisi kwa wale wanaoitamka sawasawa, yaani ndugu zangu wa Pwani, ambao wangenishinda mimi wa Marangu. Maneno mengine yalishafika kwetu kabla yangu. Wareno, ambao lugha yao ni ndugu wa Kihispania, walitia nanga Pwani yetu mwaka 1498 na hatimaye wakatuachia meza, bendera na padri; Mhispania anasema "mesa", "bandera" na "padre". Waarabu walitupa sisi maneno "hata" na "sukari", na Wahispania, waliotawaliwa na Waislamu kwa karne kadhaa, wakabaki na "hasta" na "azúcar". Chuo cha wanadiplomasia cha Marekani hukiweka Kihispania kwenye kundi la lugha rahisi, wiki kama 30 za darasani, na Kiswahili wiki 36. Hesabu hiyo ni ya mtu anayepandia lango la Kiingereza. Sisi tunapandia lango jingine.

Kujua haya yote hakukunisaidia chochote siku Wahispania wanne walipoanza kuongea kwa pamoja mezani. Niliyajua maneno yao yakiwa yamelala kitabuni. Yalipoinuka na kukimbia, sikuyatambua.

Kilichonifungua masikio ni kahawa. Kuna tamthilia ya Colombia ya mwaka 1994, "Café con aroma de mujer", aliyoiandika Fernando Gaitán. Shujaa wake ni Gaviota, binti mchuma kahawa ambaye kila msimu huja na mama yake kuvuna kwenye shamba la matajiri. Nilianza kuitazama kwenye simu wakati wa masika, mlima ukiwa hauna wageni, bila maandishi yoyote chini ya picha. Kisa chenyewe nilikuwa nakijua kabla hakijaanza. Kwetu kahawa ndiyo iliyolipa ada na kuezeka mabati, na chama chetu cha ushirika, KNCU, kilianzishwa mwaka 1933. Waliposema "cosecha" nilikuwa naona mavuno, waliposema "grano" nilikuwa naona punje mkononi, sikuhitaji kamusi. Mama yangu, ambaye amechuma kahawa maisha yake yote na hajui hata neno moja la Kihispania, alikuwa akikaa pembeni akitazama picha tu. "Huyo hajachuma kahawa," alisema siku moja akimwonyesha yule binti. "Tazama kucha zake." Baadaye akawa ananidai nimweleze kila kipande kilichopita, kwa hiyo ikanibidi nielewe.

Sipendi kuzisema vibaya programu za simu zinazofundisha lugha, zimewasaidia wengi. Ila zilikuwa zinanifunza kusema nyanya ni nyekundu, na mimi kwenye kazi yangu sijawahi kuulizwa rangi ya nyanya. Mgeni mmoja aliyekuwa mwalimu wa lugha aliniambia kwamba Mmarekani Stephen Krashen aliandika tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 kuwa lugha huingia pale mtu anapoelewa maneno yaliyomzidi kidogo tu, na kwamba kusema hufuata kwa wakati wake. Nilifurahi kusikia kuwa uvivu wangu wa kusema una jina chuoni.

Darasa langu la pili lilikuwa njia yenyewe. Kila kundi lina mtu wa mwisho, anayetembea polepole kuliko wote, na wasaidizi hugombea kuwa mbele na wenye nguvu. Mimi nikaanza kubaki nyuma. Kutoka lango la Machame, mita kama 1,800, hadi kambi ya kwanza ni saa nyingi msituni, na mtu wa mwisho anapenda kuwa na mtu wa kuongea naye ili asione aibu. Nilimuuliza swali moja, nikanyamaza. Wengi walinisimulia wajukuu, talaka, magoti. Kisha kuna jambo ambalo hakuna kitabu kilichoniambia: ukipita mita 4,000 hewa inakuwa haba, na hata mtu wa Madrid anakata sentensi zake vipande vifupi ili apumue. Kwenye mpando wa kuelekea Lava Tower nilimwelewa Mhispania kwa mara ya kwanza bila kumwomba arudie. Mlima ulikuwa umempunguza kasi kwa niaba yangu.

Matamshi sitayaongelea sana. "Pero" ni "lakini", "perro" ni mbwa, "pelo" ni nywele, na sisi ambao kura na kula hugombana mdomoni tunajua kilichotupata. Vijana wa Hispania walinicheka kwa kuwaita "usted", neno la heshima nililolizoea kwa Wacolombia wa tamthilia, ambao huitana hivyo hata nyumbani. Waliniambia niseme "tú" tu. Nimezaliwa kwenye shikamoo; kwa mtu mwenye mvi bado sitamki "tú" mpaka aniombe.

Sasa nifike usiku wa Barranco, kwa sababu ndio ulionigeuza.

Nilikuwa na kundi la Wahispania, na kati yao mume na mke waliokaribia miaka sitini. Mchana tulikuwa tumepita Lava Tower, mita 4,600 hivi, tukashuka kulala chini ili miili izoee. Kila jioni huwa tunawapima wageni: tunawavika kile kifaa cha kidole cha kupima oksijeni, tunawauliza kuhusu kichwa, kichefuchefu, uchovu, kizunguzungu, tunaandika. Niliuliza kwa Kiingereza, maana mwajiri alitaka fomu zijazwe hivyo, na yule bwana akajibu kila swali kwamba yuko salama. Oksijeni yake haikuwa mbaya kwa urefu ule.

Baadaye nikawa napita na tochi kati ya mahema, kama kawaida, kuangalia kamba. Ukuta wa hema ni kitambaa. "Me va a estallar la cabeza," nilimsikia akisema. Kichwa kitanipasuka. Mke akamwambia, "Díselo al guía," mwambie mwongozaji. Naye akajibu, "Ni se te ocurra. Mañana se me pasa." Thubutu! Kesho kitapoa.

Maneno yale hayakusemwa kwa ajili yangu. Hakuna aliyeyapunguza kasi, hakuna aliyenitazama usoni kuona kama nimeelewa. Yaliingia yakiwa mazima, na nilikuwa nimeshaelewa kabla sijakumbuka kuwa ni Kihispania. Nilisimama pale na furaha isiyo na mahali pake, maana mtu alikuwa mgonjwa.

Nikapiga hodi kwa lugha yao. Kimya. Kisha zipu ikafunguka na mke akanitazama kwa uso wa mtu aliyeokolewa. Nilimuuliza mumewe kichwa kinauma upande gani, kimeanza saa ngapi, ametapika? Alikuwa ametapika mara moja, nyuma ya jiwe, akafukia. Nikamtoa nje akatembea mstari ulionyooka, kisigino mbele ya kidole, kwenye mwanga wa tochi, maana anayeyumba hapo anashushwa saa hiyohiyo bila mjadala. Hakuyumba. Nikampa maji na dawa ya maumivu, nikaketi mlangoni mwao.

Akaniambia kwa nini alificha. Mambo ya kawaida: safari aliyoiwekea akiba kwa muda mrefu, marafiki aliowaaga kwa majigambo, woga wa kumharibia mkewe. Kisha akasema jambo ambalo nimelibeba mpaka leo. "Kwa Kiingereza," alisema, "najua kusema niko salama tu."

Alfajiri kichwa kilikuwa hakijapoa. Nikamwambia kilele kitamsubiri, na akashuka na msaidizi wangu. Mkewe alipanda, kwa kuwa mume alimlazimisha.

Nilipowakumbuka wageni wote waliowahi kunitikisia kichwa kwenye hema la chakula, nilianza kuutazama ule mtikiso kwa jicho jingine. Mtu aliyechoka, kwenye baridi, mbele ya wenzake, akiulizwa kwa lugha aliyojifunza shuleni, atatoa jibu lililo fupi kuliko yote. Tangu hapo siulizi "vipi hali?" kwa lugha yoyote. Nasema, nisimulie ulivyolala. Masimulizi hayana jibu fupi. Wasioelewa lugha hata moja ninayoijua nawaomba waguse panapouma.

Na hapo ndipo nilipogundua kuwa mtikiso huo ninao nyumbani. Sisi tukiulizwa habari, tunasema nzuri. Mtu ana msiba, anasema nzuri, kisha ndipo anakuambia "ila tumefiwa". Ukiondoka mara baada ya "nzuri" hujasikia kitu. Wagumu, ndivyo wapagazi wanavyojiita, ukiwauliza mambo wanasema poa, na atakayesema poa kwa sauti kubwa ni kijana wa safari ya kwanza aliyelowa mvua na anayeogopa kurudishwa chini bila posho. Miaka yote nilikuwa napita nikisema "mambo?", napokea "poa", naendelea na orodha yangu. Siku hizi nasimama. Nasubiri ile "ila". Ikichelewa, namshika kijana mkono nione kama una joto. Wenzangu wananiita Mhispania kwa sababu ya lugha, na baadhi yao wanalalamika kwamba Mhispania anachelewesha msafara asubuhi. Ni kweli nauchelewesha.

Kihispania kimeendelea kunikimbia na kurudi. Waargentina wa Buenos Aires wanasema "sho" pale nilipojifunza "yo". Waandalusia wanaziacha s njiani. Ugonjwa wa mwinuko wenyewe una majina yake: Wahispania husema "mal de altura", Mperu anasema "soroche", Mchile anaweza kukuambia "me apuné", na mwongozaji asiyeyajua yote matatu anaweza kumpita mgonjwa akidhani anasimuliwa mji. Nimeyaandika kwenye daftari ninalotembea nalo mfukoni.

Msimu uliopita nilipewa kundi kutoka Hispania. Nikajiandaa kwa raha zangu. Jioni ya kwanza walipokaa mezani na kuanza kuongea wao kwa wao, nikatega sikio na sikupata hata neno. Kumbe walikuwa Wabasque, watu wa kwao Edurne Pasaban, yule mwanamke aliyekamilisha vilele vyote 14 vinavyozidi mita 8,000 mwaka 2010, na lugha yao haina undugu na Kihispania wala na nyingine yoyote inayojulikana. Msaidizi wangu akanitazama akicheka chini chini. Nikasubiri chakula kiishe, nikatoa daftari, nikamuuliza mama mmoja kwa Kihispania: kwao kichwa kikiuma wanasemaje?

"Buruko mina," akasema. Kisha akaniuliza kwa nini nimeanza na hilo badala ya salamu. Nikamwambia salamu nitajifunza tukishashuka.