Tai wa Jangwani: Bastola Iliyopewa Sifa na Sinema

Wahenga walisema, "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Katika miaka yangu ya ualimu nimeona kitu kimoja kilichotembezwa dunia nzima, hata wavulana wa darasa langu, ambao hawajashika silaha yo yote maishani mwao, wanakijua kwa jina. Ni bastola iitwayo Desert Eagle, yaani Tai wa Jangwani. Wameiona katika vibanda vya video na katika michezo ya kompyuta. Nao kwa kuwa waijua sura yake tu, naona yafaa nieleze habari zake za kweli, ili kila mwenye kulea vijana apate la kuwajibu.

Neno "magnum" ni la Kilatini, na maana yake ni kubwa. Wafua silaha walilitumia kuitia jina risasi yenye nguvu kupita kawaida. Risasi ya .357 Magnum ilitokea Marekani mwaka 1935, na ya .44 Magnum mwaka 1955. Zote mbili zilifanyiwa bastola ya namna ya zamani, ile yenye gurudumu la matundu. Gurudumu hilo huzungushwa kwa nguvu ya kidole au gumba la mpigaji, basi kazi ya baruti ni kusukuma risasi tu.

Bastola inayojipakia yenyewe si hivyo. Hiyo huitumia nguvu ya baruti kurudisha nyuma chuma chake cha juu, kutupa ganda tupu, na kuingiza risasi nyingine. Nguvu ikizidi, chuma hicho hurudi kwa kishindo kikubwa, na bastola huharibika upesi. Hii ndiyo sababu mafundi walitaabika sana. Kiwanda kimoja cha Pasadena, California, kilianza kuuza bastola ya namna hiyo, jina lake Auto Mag, mwaka 1971. Mwaka uliofuata kikafilisika.

Mwaka 1979 ikaanzishwa kampuni ya Magnum Research huko Minneapolis, nayo ikashirikiana na Israel Military Industries, wafua silaha wa Israeli. Dawa waliyoipata ilikuwa ni kuazima ufundi wa bunduki kubwa za askari. Katika mtutu wa Desert Eagle mna tundu dogo. Risasi ikiisha kupita hapo, gesi ya baruti huingia katika tundu, hufuata mfereji chini ya mtutu, na kusukuma chuma cha juu. Hapo ndipo komeo lenye meno huzunguka na kufunguka, wala halifunguki kabla ya wakati wake. Bastola za kwanza zilikuwa za .357, ya.44 ikafuata mwaka 1986, na ya .50, ambayo upana wa risasi yake ni karibu nusu ya inchi, mwaka 1991.

Lakini ufundi huo una gharama. Bastola hiyo ina uzito wa karibu kilo 2 kabla ya kutiwa risasi, na ile ya .50 huchukua risasi 7 tu katika kasha lake. Ilinganishe na Glock 17, bastola ya Austria ya mwaka 1982, ambayo ikiwa tupu haifiki gramu 700, nayo huchukua risasi 17. Basi si ajabu kwamba hakuna jeshi lililoichagua Desert Eagle iwe bastola ya askari wake wote. Siku moja niliwaambia wanafunzi wangu washike pakiti ya unga ya kilo 2 kwa mkono mmoja ulionyoshwa. Waliicheka kazi hiyo, kisha mikono ikaanza kutetemeka, na kicheko kikaisha.

Sifa zake, basi, zilitoka wapi? Zilitoka katika sinema. Njia hiyo ilikwisha kufunguliwa mwaka 1971, wakati sinema ya Dirty Harry ilipomwonyesha Clint Eastwood na bastola ya .44 Magnum ya Smith & Wesson; watu wakaigombea madukani hata ikawa adimu. Mwaka 1983, katika Sudden Impact, Eastwood alishika Auto Mag, miaka kumi na zaidi baada ya kiwanda chake cha kwanza kufilisika. Desert Eagle nayo ikaingia katika Year of the Dragon na Commando, zote za mwaka 1985, kisha ikaonekana mikononi mwa maadui katika The Matrix ya mwaka 1999. Katika Snatch ya mwaka 2000, mtu mmoja awatisha wezi kwa kuwasomesha tu jina lililoandikwa ubavuni mwake. Macho ya watazamaji hupenda kitu kikubwa, na askari halisi hupenda kitu kinachobebeka.

Tena, picha huficha mengi. Katika sinema hutumiwa risasi baridi, yaani baruti isiyo na kichwa cha risasi. Kwa kuwa hakuna cha kuizuia gesi mtutuni, nguvu haitoshi kuiendesha bastola inayojipakia. Hivyo mafundi wa sinema huuziba mtutu kidogo ili ifanye kazi. Yule shujaa apigaye kwa mkono mmoja pasipo kutikisika hakupata hata sehemu ndogo ya teke lake la kweli.

Wala mchezo huo si salama. Mwaka 1984 mchezaji Jon-Erik Hexum alijipiga kwa mzaha na bastola ya .44 Magnum yenye risasi baridi, akafa baada ya siku chache. Mwaka 1993, huko Wilmington, North Carolina, Brandon Lee aliigiza mbele ya bastola ya .44 Magnum. Kichwa cha risasi kilikuwa kimenasa mtutuni bila mtu kujua. Risasi baridi ilipolia, kikasukumwa nje, kikamwua. Alikuwa na umri wa miaka 28. Hao walikuwa watu wa kazi hiyo, wamezungukwa na wenzao, na hakuna aliyekusudia kuua.

Wenzangu walimu, kijana akiisifu bastola hii, tusimkemee wala tusimnyamazie. Tumwambie uzito wake, tumwambie kilichofichwa nyuma ya picha, na tumtajie umri wa Brandon Lee. Mwenye kujua kazi ya chuma hicho hatakitamani upesi kama yule aliyeona mng'ao wake tu.