Kopo la Mama na Fedha ya Duara

Leo twataka kunena juu ya fedha ya nyumbani, yaani ile ya chumvi, ya sabuni, ya unga na ya daftari za watoto. Mambo haya ni madogo, na pengine mtu aona haya kuyaandika. Lakini tumeona nyumba nzuri zikitetemeka kwa ajili ya mambo madogo haya, na nyumba yetu ilikuwa mojawapo.

Kijiji chetu kiko kati ya Kahama na Geita, katika nchi ambayo mtu akichimba msingi wa nyumba, jirani humwuliza kama ameona dhahabu. Mgodi wa kwanza wa Geita ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hata ukafungwa mwaka 1966. Mgodi mkubwa wa sasa ulianza mwaka 2000, na ule wa Bulyanhulu ukafuata mwaka 2001. Kando ya migodi hiyo wako wachimbaji wadogo, maelfu kwa maelfu, na maduara yao. Na mwaka 2019 pale Geita mjini likafunguliwa soko la dhahabu ili wauze mali yao hadharani. Hatuidharau kazi hiyo. Nyumba nyingi za bati zimejengwa kwayo, na watoto wengi wamesomeshwa. Lakini fedha ya duara ina tabia yake. Haina msimu. Hukaa miezi mingi haionekani, kisha huja siku moja, nyingi, kwa ghafula. Na kabla ya Jumapili mwenyewe huulizwa imekwenda wapi, naye hajui.

Wazee wetu wa Usukuma hawakuwa na vitabu vya hesabu, lakini walijua ya kwamba mwaka una miezi kumi na miwili na mavuno ni mara moja. Kwa hiyo walitenga ngitili, yaani malisho yaliyofungwa wakati wa masika, ng'ombe wasiingie, ili kiangazi kikija majani yawepo. Walikata viazi vitamu wakavianika, vikawa michembe, na vingine wakavichemsha kwanza kisha wakavianika, vikawa matobolwa. Walijenga vihenge. Hata serikali ilipoanzisha kazi ya kuhifadhi ardhi ya Shinyanga mwaka 1986, iliona faida ya ngitili za wazee, ikawahimiza watu wazirudishe. Nasi twauliza: fedha yetu, ngitili yake iko wapi? Kihenge chake kiko wapi?

Sasa tuwaambie habari yetu wenyewe. Sisi si wachimbaji. Tu mwalimu wa dini, mwenye posho ndogo, shamba la mahindi na karanga, kuku na mbuzi wachache, na watu saba wa kulishwa. Mwezi wa saba mwaka 2022 tulivuna vema. Tulikuwa na deni dukani, tena simu yetu ilikuwa imeharibika. Basi tukauza debe 12 za mahindi kwa shilingi 13,000 kila debe, tukapata shilingi 156,000. Deni likalipwa, simu ikanunuliwa, na moyo ukafurahi. Hatukuhesabu debe zilizobaki. Tulitazama kihenge kwa macho tu, tukasema, "Yatatosha."

Mwezi wa tisa habari zilienea ya kwamba mahali fulani, si mbali nasi, mawe yameanza kutoa. Kijana mmoja wa jirani alikuwa na duara, naye akatafuta watu wa kumsaidia chakula cha wachimbaji na magogo ya kushikia kuta. Kila asaidiaye angepewa mifuko ya mawe siku ya mgao. Kila jioni tulisikia kwamba fulani ameuza gramu kadhaa, fulani ameleta bati, fulani amenunua pikipiki.

Nyumbani mwetu kulikuwa na kopo. Mama wa nyumba hii hukaanga vitumbua na kuuza karanga penye gulio, na kila jioni hutia kidogo katika kopo la maziwa ya unga, akaliweka nyuma ya sanduku la nguo. Kwa muda wa miaka miwili alikuwa ametia shilingi 260,000. Sote tulijua kazi yake: binti yetu alikuwa amefanya mtihani wa darasa la saba, na Januari angeingia kidato cha kwanza. Ada serikali ilikuwa imeiondoa tangu mwaka 2016, lakini shule iko mbali, na mtoto wa bweni hahitaji ada tu. Mama alikuwa ameyahesabu yote kwa vidole: godoro 60,000, sanduku la bati 45,000, sare mbili 70,000, viatu 30,000, daftari na kalamu 35,000, nauli na vitu vidogo 20,000. Jumla yake ni 260,000, haipungui wala haizidi.

Fedha ile tuliichukua siku mama alipokuwa gulioni, tukampa yule kijana. Wasomaji, tangu mwanzo twasema "sisi", kama ilivyo desturi ya waandishi wa kurasa hizi. Mahali hapa neno hilo ladanganya. Aliyelichukua kopo ni baba peke yake, wala mama hakuwamo katika "sisi" hiyo.

Mvua zikaanza. Mwezi wa kumi na moja maji yakaingia katika duara, mashine ya kuyavuta ikashindwa, kuta zikaanza kumeguka, na wachimbaji wakatoka. Twashukuru Mungu kwamba hakuna aliyekufa. Lakini mgao haukuwapo, kwa kuwa mawe hayakuwapo. Kijana yule hakutudhulumu. Yeye mwenyewe alipoteza kuliko sisi.

Matokeo ya mtihani yalipokuja, binti amefaulu, mama akalileta kopo mezani, akalifungua, akaona tupu. Hakupiga kelele. Alilipindua kopo juu ya meza kana kwamba labda kitu kitaanguka, akalitazama, akatutazama. Tulipokwisha kueleza, alisema neno moja tu: "Baba, kama ungaliniomba, ningalikunyima, ndiyo sababu hukuniomba." Tumefundisha katekisimu miaka mingi, wala hatujasikia mahubiri mafupi kama hayo na mazito kama hayo.

Binti aliyasikia kutoka jikoni. Akaja akapiga magoti, akasema, "Baba, si neno, nitakwenda mwakani." Sote tulijua ya kwamba katika nchi yetu msichana asemaye mwakani, mara nyingi mwakani humkuta ameolewa. Mama alijua zaidi, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa amesema vivyo hivyo alipokuwa na miaka kumi na minne. Kesho yake akalitwika cherehani lake, alilolinunua kabla ya kuolewa, akaliuza kwa shilingi 190,000. Zile 70,000 zilizopungua tukakopa kwa mwalimu mwenzetu. Binti akaenda shule amechelewa mwezi mzima.

Wala taabu haikwisha. Mwezi wa pili mwaka 2023 kihenge kikawa kitupu. Tukauza mbuzi, tukanunua debe 8 kwa shilingi 23,000 kila debe, jumla 184,000. Hesabuni wenyewe: debe 12 tulizouza zilituletea 156,000, na debe 8 tulizonunua zilitugharimu 184,000. Tulitoa shilingi 28,000 zaidi, tukapata debe 4 pungufu. Hakuna mwizi aliyetuibia. Tulijiibia kwa kutohesabu.

Ndipo mama akasema, "Tuandike." Akanunua daftari moja, akapiga mstari katikati ya ukurasa, upande huu yaingiayo, upande ule yatokayo. Sharti lake lilikuwa moja, kwamba kila mtu aandike, na baba kwanza. Mwezi wa tatu tuliandika yote. Yaliyoingia ni shilingi 148,000: posho 50,000, vitumbua na karanga 78,000, kuku 20,000. Tulipojumlisha yaliyotoka, tuliona jambo lililotutia haya. Nauli za pikipiki 12,000, vocha za simu 9,500, soda na chai za gulioni 10,000. Jumla 31,500, na karibu zote zilikuwa za baba. Tulikuwa tukimwambia mama apunguze sukari, nasi tulikuwa tukinywa sukari yake njiani.

Jambo la pili daftari lilitufundisha kwamba maskini hununua ghali. Kilo ya sukari dukani ilikuwa shilingi 2,800, lakini sisi tulinunua robo robo kwa 800, maana yake kilo kwa 3,200. Mche wa sabuni ulikuwa 3,000, nasi tulinunua vipande vinane, kila kipande 500, tukalipa 4,000 kwa mche uleule. Basi tukakubaliana na nyumba tatu za jirani kununua kwa pamoja na kugawana. Faida yake kwa siku moja haionekani. Kwa mwaka inatosha viatu vya mtoto.

Jambo la tatu ni mahindi. Sasa hupimwa kabla ya kuuzwa. Watu saba katika nyumba yetu hula debe 4 kwa mwezi, yaani debe 48 kwa mwaka, ndiyo magunia 8. Hayo hayauzwi kwa neno lo lote. Yazidiyo ndiyo ya kuuza. Nayo hatuyaweki wazi, kwa kuwa tangu dumuzi alipoonekana huko Tabora, watu wakamwita Skania, kihenge cha wazee peke yake hakitoshi. Twatumia mifuko ile ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, ambamo mdudu hufa mwenyewe. Michembe nayo imerudi nyumbani mwetu, na watoto waliokuwa wakiicheka sasa huigombania na karanga.

Jambo la nne ni kikundi. Mwezi wa nne mwaka 2023 mama aliingia katika kikundi cha hisa cha wanawake wa kijiji. Mtindo huu ulianza katika nchi ya Niger mwaka 1991, shirika la CARE lilipowakusanya wanawake wa vijijini, ukaenea Afrika hata kwetu. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo hukaa kwa watu watatu mbalimbali, hata mmoja asiweze kulifungua peke yake. Twaliliona sanduku lile kwa mara ya kwanza tukainamisha kichwa, kwa maana kopo letu halikuwa hata na kufuli moja. Kila wiki mama hununua hisa mbili za shilingi 2,000. Desemba ya mwaka ule walipogawana alipata shilingi 144,000 alizoziweka, pamoja na faida kidogo, na Januari 2024 binti alirudi shuleni siku ya kwanza. Lakini angalieni: tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, vikundi hivi vyapaswa kuandikishwa, msitie fedha katika kikundi kisicho na cheti. Tena msikope ili mle. Mkopo wa mbegu huota. Mkopo wa pilau huliwa, na deni hubaki.

Walimu wenzetu, pengine mtasema, "Sisi twafundisha roho, hesabu za sabuni si kazi yetu." Kumbukeni Yusufu katika Misri. Yeye alifasiri ndoto, lakini nchi iliponea katika ghala, kwa kuwa miaka saba ya shibe alipima nafaka na kuiweka. Wakristo wetu wengi wachimbao wataipata fedha ya ghafula siku moja. Kama hawana desturi ya kugawa shilingi elfu moja, hawataweza kugawa milioni. Na migodi nayo ina mwisho. Buzwagi karibu na Kahama ilianza mwaka 2009, na mwaka 2021 uzalishaji wake ukakoma. Waliokuwa na kihenge walibaki na kitu, na wasiokuwa nacho walibaki na hadithi.

Siku hizi nyuma ya sanduku la nguo pana makopo manne, nayo yana majina: chakula, shule, dawa na mbegu. Sadaka hutengwa kwanza, nayo yaandikwa kama mengine. Fedha yo yote ikiingia hugawanywa jioni ileile, sisi wawili tukiwapo, na safari hii neno "sisi" ni la kweli.

Lakini liko kopo la tano. Mama hakuliomba, baba ndiye aliyelileta. Juu yake pameandikwa "Cherehani". Humo hutiwa ile fedha ya pikipiki, ya vocha na ya soda, kila mwezi shilingi 10,000, na mwezi mwingine ikipungua huandikwa kwamba imepungua. Mpaka twaandika haya limefika shilingi 310,000, na cherehani jipya katika maduka ya Kahama ni 380,000. Baba sasa huenda gulioni kwa miguu. Mama hasemi neno. Ila Jumamosi jioni, daftari likifunguliwa, yeye ndiye alishikaye kopo la tano na kulihesabu, kisha hulirudisha mahali pake.