Chumba cha Futi Kumi kwa Kumi

Lugha yetu hutumia neno moja, chombo, kwa jahazi linalokata maji na kwa kikombe kilichomo kabatini. Ukizingatia, utaona vitu hivyo viwili vina sifa moja: thamani yao imo ndani, katika kuchukua na kuhifadhi. Nahodha anapopakia hatazami urefu wa mlingoti, hutazama ngama. Mzigo mzito hushuka chini uwe farumi, kinachohitajika kwanza hupakiwa mwisho, na kisichohitajika hubaki pwani. Kanuni hiyo niliikuta mwezi wa Julai mahali ambapo hapana bahari, katika chumba kimoja cha mtaa wa Majengo, Pumwani, mashariki ya mji wa Nairobi.

Safari yangu ilikuwa ya amana. Jirani yetu alimwoza binti yake kwa kijana wa hapa hapa kwetu, ambaye riziki yake iko katika soko la Gikomba. Nikaha ikafungwa, walima ukaliwa, na siku ya binti kwenda kwa mumewe ikakaribia. Ndipo ilipojulikana kuwa makazi aliyoandaliwa ni chumba kimoja, futi kumi kwa kumi. Baba akaghadhibika, akasema mwanawe hatoki mpaka ipatikane nyumba ya vyumba. Kijana akajibu kwa adabu kuwa pato lake halijafika huko, na kwamba chumba hicho amekitengeneza ndani kwa mikono yake kwa muda wa miezi mitatu. Mambo yalipokwama, pande zote mbili ziliridhia niende nikaone, na nitakalolisema lifuatwe.

Kabla ya kuondoka nilizungumza na binti mwenyewe, mama yake akiwapo. Alisema, “Maalim, mimi sina neno na udogo wake. Naomba uniangalilie mambo matatu. Mtu akibisha hodi, nitabadilisha nguo wapi? Nitatawadha wapi? Na mama akija kunitazama, atakaa wapi?” Niliyaandika maswali hayo nikayatia mfukoni.

Kutoka Miritini hadi Syokimau garimoshi huchukua takriban saa tano. Niliingia mjini, kisha nikashuka kwa miguu kuelekea Kamukunji. Hapo masikio hujaa mlio wa nyundo juu ya bati: mafundi wa jua kali wanafua masanduku, majiko na makarai tangu asubuhi. Mbele kidogo ni Gikomba, soko maarufu la mitumba, ambalo pia lina wauza mbao na maseremala wengi. Ukivuka kelele zote hizo unaingia Majengo, na mtu wa pwani akiingia humo moyo wake hutulia, kwa kuwa nyumba anazozikuta anazijua.

Pumwani ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, serikali ya kikoloni ilipotaka Waafrika wa Nairobi wakae mahali pamoja. Mitaa iliyofuata upande huo, kama Kaloleni, Bahati na Jericho, ilijengwa na baraza la mji ili wafanyakazi wapangishwe. Majengo ilijengwa na wenyewe. Walipewa viwanja, wakasimamisha nyumba za Kiswahili: fito na udongo, paa la madebe yaliyonyooshwa, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na uani nyuma. Wengi wa wenye nyumba hizo walikuwa wanawake. Msikiti wa mtaa huo unaitwa Riyadha, na jina hilo peke yake linampeleka mtu hadi Lamu.

Chumba cha kijana wetu ni cha pili mkono wa kulia wa ukumbi. Jambo la kwanza alilonieleza ni kwamba hakupigilia msumari hata mmoja ukutani. Ukuta wa udongo haushiki msumari. Ukiulazimisha, lipu huanguka. Zaidi ya hayo, nyumba ni ya watu. Kwa hiyo alinunua mbao za saipresi Gikomba, akazisimamisha zikauke wiki kadhaa, maana ubao mbichi hupinda baada ya kuunganishwa. Kisha akachora chumba chote kwa chaki juu ya sakafu: kitanda hapa, rafu pale, mlango unafunguka mpaka hapa. Alilala ndani ya mchoro huo usiku mmoja kwa mkeka kabla ya kukata ubao wa kwanza. Msumeno, randa na keekee aliviazima kwa seremala jirani wa soko. Kila kiungo amekifunga kwa bolti na nati, na kila kipande kinapita mlangoni. Siku wakihama, nyumba yao yote ya ndani itafunguliwa na kubebwa kwa mkokoteni mmoja.

Kitanda amekiinua futi tatu na nusu kutoka sakafuni, na kigoda cha kupandia kiko pembeni. Vijana wa Nairobi wataona ni ubunifu mpya, lakini wasomaji waliokulia katika nyumba za Lamu na Mombasa wanakumbuka vitanda vya besera vya mabibi zetu, ambavyo navyo havikupandwa bila kigoda. Uvunguni mwake mmepangwa masanduku manne ya bati ya Kamukunji: la nafaka, la nguo, la vitabu, na moja tupu ambalo alisema ni la mkewe. Wahenga walisema mtaka cha uvunguni sharti ainame. Katika chumba hiki kuinama huko kunaokoa futi ishirini na nne za eneo, karibu robo ya nyumba nzima.

Sasa nilitoa karatasi yangu. Swali la kwanza lilikuwa la sitara. Nyumba za mawe za pwani zilijengwa kwa daraja: mgeni huishia dakani, jamaa huingia msana, na ndani kabisa ni pa wenyewe. Kijana huyu ameipanga daraja hiyo hiyo katika futi kumi. Amesimamisha rafu ya mbao karibu na mlango, imefunikwa mgongo kwa ubao mwembamba, hivi kwamba mlango ukifunguliwa macho ya anayepita ukumbini hugota hapo. Mbele yake ni pa wageni. Kisha pazia zito kutoka ukuta hadi ukuta, na nyuma ya pazia ni kitanda na nafasi ya mtu kuvaa na kusimama kuswali. Mke anaweza kuwa nyuma ya pazia na mgeni asijue kama yumo.

Nilipoona meza yake nilikumbuka habari niliyowahi kusoma juu ya mashua za mifereji ya Uingereza. Zilijengwa nyembamba, upana wake unazidi mita mbili kidogo tu, zipite katika malango ya maji, na zilibeba makaa ya mawe na shehena nyingine. Aila ya mwendeshaji iliishi katika chumba kidogo cha nyuma, chenye urefu wa kama mita tatu. Humo mlango wa kabati ukishushwa ulikuwa meza, na kitanda kilikunjwa asubuhi. Siku hizi watu hununua mashua kama hizo zilizochakaa, wakazitengeneza ndani wenyewe, wakahamia. Kijana wetu hajasikia habari zao, lakini meza yake ni ubao wenye bawaba mbili uliofungwa kwenye rafu. Ukishushwa hupakuliwa chakula, ukipandishwa hufunika vyombo. Dhiki ya nafasi imewafundisha watu wa mbali sana kazi moja.

Swali la pili lilikuwa la maji. Bafu na choo viko uani, na ni vya wapangaji wote. Kwa hiyo ameweka madumu mawili ya lita ishirini kando ya mlango, chini kabisa kama farumi, pamoja na birika, beseni pana na kibao cha kukanyagia. Mke anaweza kutawadha alfajiri bila kutoka nje. Kuoga ni uani, kwa zamu, na hilo sikulificha nilipotoa ripoti yangu.

Niliongeza swali langu mwenyewe, la moto. Nairobi iko juu ya bahari kwa takriban mita 1,700, na Julai ni mwezi wa baridi. Watu wa pwani wakifika huko hutamani kulala na jiko la makaa ndani. Nawasihi wasomaji wenye watoto bara wawaambie: jiko la makaa katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na aliyelala haamki. Kijana huyu anapikia mtungi mdogo wa gesi, umewekwa karibu na dirisha, mbali na pazia, na hufungwa kila baada ya kupika. Njia kutoka kitandani hadi mlangoni haina kitu. Alinieleza kwa nini: Juni 2018 moto wa Gikomba uliua watu wasiopungua 15, na soko hilo limeungua mara nyingi.

Swali la tatu nilijibiwa na mwenye nyumba, bibi wa makamo ya juu aliyekuja kunisalimu. Nilimwamkia, nikamwuliza mama mkwe atakaa wapi. Alicheka. “Mchana atakaa hapo kwenye kiti kirefu alichokichonga mwanangu. Usiku atalala kwangu, Sheikh. Katika nyumba hii hatumlazi mkwe chumba kimoja na mkwewe. Mwambie aje na kanga zake tu.”

Niliporudi niliketi na baba wa binti baada ya Isha. Nilimkumbusha kuwa Suratu Talaq imeamrisha wanawake wakalishwe kwa kadiri ya uwezo wa waume wala wasidhikishwe, na kwamba mafakihi waliposema juu ya makazi ya mke walishurutisha awe na usalama wa nafsi yake na mali yake, na asilazimishwe kuchangia chumba na wengine. Nilimkumbusha pia simulizi ya Hasan al-Basri, kwamba alipokuwa kijana aliingia vyumba vya wake wa Mtume, rehema na amani zimshukie, akagusa dari kwa mkono wake. Kisha nikamwambia la upande wa pili, ambalo kijana naye nilimwambia uso kwa uso: chumba hicho ni cha watu wawili na mtoto mchanga. Mtume ameamuru watoto watenganishwe katika malazi wakifika miaka kumi, na mzazi mwenye busara hangoji mwaka wa kumi kuanza kutafuta.

Alinyamaza kitambo. Kisha akauliza, “Mlango unafungwa kwa ndani?”

“Kwa komeo la chuma,” nilimjibu.

Akaridhia, kwa sharti kwamba kijana aanze kuweka akiba ya nyumba ya vyumba viwili, kidogo kidogo kila mwezi, na kijana akakubali mbele ya mashahidi. Binti aliposomewa majibu ya maswali yake aliuliza tu kimo cha uvungu, ili apime vyombo vyake kabla ya kufunga mizigo. Ameshasafiri.

Nawanasihi wazazi wenzangu: msikatae makazi ya vijana kwa kusikia hesabu ya vyumba, wala msiyakubali kwa kusikia jina la mtaa. Nendeni mkaone, na mkifika muulize yale atakayoyauliza mwenye kukaa humo. Mwenyezi Mungu azitie nyumba zao utulivu na baraka, zilizo pana na zilizo nyembamba. Amin.